Hakuacha, Alinyimwa: Kitonga na Kiingereza Ughaibuni

Upo uongo mmoja unaosafiri na wahamiaji kila waendako, nao haulipi nauli wala hauombi viza. Uongo huo husema kwamba kichwa cha mtoto ni kasha dogo lenye nafasi ya lugha moja tu, na kwamba anayetaka Kiingereza kiingie sharti kwanza akitoe kilichomo. Umesemwa mbele ya mataifa mengi, na mengi yameuamini. Lakini kisa cha Watonga wa Bahari ya Pasifiki kina uchungu wa peke yake, kwa kuwa ni kisa cha watu wa visiwa, wachache kwa idadi, wenye lugha yao na ufalme wao, ambao hawakuwahi kunyang'anywa ulimi na mtawala yeyote wa kigeni. Yale ambayo dola za Ulaya hazikuyatenda huko kwao, yametendwa na hofu ya wazazi huko ugenini.

Yafaa kwanza kuondoa mkanganyo. Kitonga kinachohusika hapa si zile lugha za Kibantu za Zambia na Malawi zenye jina hilo. Ni lugha ya Kipolinesia, nduguye Kisamoa, Kihawaii na Kimaori, na kwa mbali zaidi ni ukoo mmoja na lugha ya Bukini. Tonga ni ufalme wenye visiwa zaidi ya 170, vingi vyao havikaliwi na watu. Katiba yake iliandikwa 1875, enzi za Mfalme George Tupou I. Tangu 1900 hadi 1970 ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza, lakini kiti cha enzi hakikung'olewa, wala Kitonga hakikufukuzwa barazani na kanisani. Mtambo wa uchapaji wa wamisionari ulianza kutoa maandishi ya Kitonga 1831. Chuo cha Tupou kilifunguliwa 1866. Kamusi kubwa ya Churchward ilichapwa 1959. Basi asije mtu akasema kwamba lugha hii inakufa kwa kukosa herufi, vitabu au heshima. Nyumbani kwake ingali hai. Inakofifia ni kwa wajukuu waliozaliwa ng'ambo.

Na ng'ambo ya Watonga si jambo dogo. Katiba na sheria za ardhi ziliahidi kila mwanamume aliyetimiza miaka 16 shamba la eka nane na robo. Watu walipoongezeka, ardhi haikuongezeka, na ahadi ikabaki kwenye karatasi. Kuanzia miaka ya 1960 na 1970 vijana walikwenda kutafuta kazi katika viwanda vya Auckland, katika mitaa ya Sydney, na huko Marekani katika majimbo ya Hawaii, California na Utah. Leo Tonga yenyewe ina watu takriban 100,000. Sensa ya New Zealand ya 2023 peke yake iliwahesabu Watonga karibu 98,000. Fedha wanazotuma jamaa wa nje ni zaidi ya theluthi moja ya pato la taifa. Kwa maneno mengine, nusu ya umma huu na zaidi imo ugenini, na mustakabali wa lugha yao hauamuliwi tena Nuku'alofa pekee. Unaamuliwa pia jikoni, katika nyumba za kupanga za kusini mwa Auckland.

Hali ya jikoni humo ikoje? Sensa ya New Zealand ya 2018 ilikuta Watonga zaidi ya 82,000, walio wengi wakiwa wamezaliwa nchini humo. Waliosema kwamba wanaweza kuzungumza Kitonga hawakufika nusu. Kiingereza, kwa upande wake, hakina mashaka yoyote: anayezaliwa na kusoma huko hukizungumza. Hukipata barabarani, uwanjani, shuleni, kwenye runinga na kwenye simu yake ya mkononi. Mji mzima ni mwalimu wake wa Kiingereza, usiku na mchana, bila ada. Kitonga kina mwalimu mmoja tu aliyemzaa, na mwalimu huyo ndiye aliyeshauriwa anyamaze.

Ushauri huo haukuangukia moyo mtupu. Ulikuta hofu tayari imelima. Kati ya 1974 na 1976 polisi wa New Zealand waliingia alfajiri katika nyumba za watu wa Pasifiki, wakiwatafuta waliopitisha muda wa vibali, na waliokuwa njiani walisimamishwa kwa sababu ya sura zao. Uchunguzi uliofanywa katika miaka ya 1980 ulionyesha kwamba watu wa Pasifiki walikuwa thuluthi moja hivi ya waliopitisha muda, lakini walikuwa asilimia 86 ya walioshtakiwa. Wengine wengi wenye kosa lile lile, waliotoka Uingereza na Marekani, walilala usingizi wao mpaka asubuhi. Mzazi aliyeamshwa kwa tochi usoni alijifunza somo ambalo halikuandikwa popote: kwamba lafudhi ni ushahidi. Mwalimu wa mtoto wake alipomwambia kwa upole, na pengine kwa nia njema, kwamba mtoto atafaulu akizungumziwa Kiingereza nyumbani, alikuwa anamwambia mtu ambaye angetoa chochote ili mwanawe asisimamishwe barabarani. Akatoa lugha.

Tarehe 1 Agosti 2021, Waziri Mkuu Jacinda Ardern aliomba radhi rasmi kwa uvamizi ule. Ilikuwa haki, na ilikuwa imechelewa. Lakini radhi iliyoombwa ilihusu milango iliyogongwa. Ulimi uliofungwa nyuma ya milango hiyo haujaombewa radhi na yeyote, pengine kwa sababu aliyeufunga kwa mkono wake alikuwa mzazi mwenyewe.

Na biashara ile ilimlipa nini mzazi? Hapa ndipo uongo unapovuliwa nguo. Mzazi aliyezungumza Kitonga alikuwa bingwa: alijua kusimulia, kukaripia kwa mafumbo, kubembeleza, kueleza kwa nini jambo hili latangulia lile. Alipohamia Kiingereza aligeuka mwanagenzi ndani ya nyumba yake. Kiingereza alichokuwa nacho kilikuwa kile cha kiwandani na cha zamu ya usafi: leta, weka, haraka, usiguse. Hicho ndicho alichoweza kumrithisha mwanawe. Mtoto akakua katika nyumba ambayo amri ni nyingi na maelezo ni machache, kisha akaenda shuleni ambako alitakiwa aeleze. Ndipo shule ile ile iliyotoa ushauri ikashangaa kwamba mtoto huyu anazungumza Kiingereza kama maji lakini insha inamshinda.

Mstaajabu huyo angekuwa amesoma, asingestaajabu. Mwanaisimu Jim Cummins alikwisha kueleza tangu 1979 kwamba uwezo wa kufikiri na kupanga hoja unaojengwa katika lugha ya kwanza huhamia katika lugha ya pili. Na baadaye akaonyesha kwamba Kiingereza cha mazungumzo hupatikana katika miaka miwili hivi, ilhali Kiingereza cha masomo huchukua mitano hadi saba, au zaidi. Mwaka 2004 Stephen May, Richard Hill na Sarah Tiakiwai waliiandikia Wizara ya Elimu ya New Zealand ripoti kuhusu elimu ya lugha mbili, nao wakafikia hitimisho la aina hiyo hiyo: kwamba mtoto anayefundishwa kwa muda wa kutosha katika lugha ya kwao hapungukiwi na Kiingereza, na kwamba mipango ya muda mfupi, inayoitumia lugha ya nyumbani kama daraja la kuvukia tu kisha ikalivunja, ndiyo inayozaa matunda haba. Hoja hizi si siri. Zimo makabatini. Kama Kitonga kingekuwa ndicho maradhi, basi watoto waliokwisha kukipoteza wangekuwa wamepona. Mbona nao wangali wanalaumiwa kwa kubaki nyuma darasani?

Tonga yenyewe imetoa ushahidi ulio wazi kuliko ripoti yoyote. Malkia Sālote Tupou III, aliyetawala tangu 1918 hadi 1965, alisomeshwa Auckland akiwa msichana, na Kiingereza chake hakikumwaibisha mbele ya wakuu waliokusanyika London 1953 kwa kutawazwa Elizabeth II. Malkia huyo huyo ndiye mtunzi aliyeheshimiwa kuliko wote wa karne yake katika Kitonga. Mwanawe, Tupou IV, alipata shahada zake katika Chuo Kikuu cha Sydney, wala hakurudi bubu. Patatokea wa kusema kwamba hao walikuwa wafalme. Naam, na hapo ndipo penye fundisho: hakuna aliyemwendea mfalme kumshauri aache Kitonga ili mwanawe apate shahada. Ushauri huo uliwekewa watoto wa wafagiaji. Na kama mfano wa wafalme hautoshi, yupo Futa Helu, mtu wa Ha'apai asiye wa kasri, aliyesoma falsafa Sydney, akarudi akaanzisha taasisi ya 'Atenisi, akawafundisha vijana wa Tonga fikra za Wayunani wa kale na ushairi wa mababu zao katika ua mmoja. Kasha lake halikujaa.

Ni nini basi kinachopotea? Wapo wanaodhani kwamba ni maneno tu, na kwamba kila neno la Kitonga lina mwenzake wa Kiingereza anayengoja zamu. Na waanze na ukoo. Kitonga humwita fa'ē mama mzazi na dada zake, na tamai baba mzazi na ndugu zake wa kiume. Lakini dada wa baba ni mehekitanga, mwenye cheo cha kuogopwa katika nyumba ya kaka yake, na kaka wa mama ni tu'asina, ambaye mpwa anaweza kumdai karibu lolote. Mswahili mwenye mama mdogo, baba mkubwa, shangazi na mjomba analielewa hilo bila kufafanuliwa. Kiingereza huwamimina wote katika vyungu viwili. Vivyo hivyo, mwanamume humwita dada yake tuofefine, na mwanamke humwita kaka yake tuonga'ane, ilhali ndugu wa jinsia moja ni tokoua. Ni tofauti ambayo Kiswahili cha kale kiliihifadhi katika neno umbu. Ndani ya majina hayo mna sheria nzima ya staha kati ya kaka na dada: nani anyamaze mbele ya nani, utani gani haufai kusikiwa na wote wawili. Mtoto asiyepewa majina huambiwa azishike sheria, naye huziona kuwa ukali usio na sababu.

Kisha kuna ngazi za usemi. Mtu wa kawaida akila, neno ni kai. Chifu akila, ni 'ilo. Mfalme akila, ni taumafa. Mtu wa kawaida huenda kwa 'alu, chifu kwa me'a, mfalme kwa hā'ele. Asiyejua ngazi hizi hawezi kusimama akasema mbele ya watu msibani, harusini au kwenye duara la kava. Na juu ya ngazi hizo kuna heliaki, ufundi wa kusema jambo ukikusudia jingine, ambao ndio uti wa mgongo wa ushairi wa Kitonga. Jina la ua humaanisha ukoo. Jina la upepo humaanisha kijiji. Jina la pwani humaanisha penzi lililokatazwa. Watu wa pwani hii, waliolelewa kwa mafumbo na kujibizana kwa mashairi, hawana haja ya kuambiwa thamani yake. Lakalaka, ngoma kuu ya Watonga inayounganisha shairi, wimbo na mwendo wa mwili, ilitangazwa na UNESCO 2003 kuwa miongoni mwa kazi bora za urithi wa binadamu. Vijana wa ughaibuni huicheza kwa ustadi, mikono ikipinda inavyotakiwa, midomo ikitamka maneno waliyoyakariri kwa sauti bila kujua maana. Watazamaji hushangilia. Fumbo lenyewe halina wa kulifumbua.

Hadi hapa lawama imekwenda kwa serikali, kwa shule na kwa hofu. Ingekuwa rahisi kuishia hapo, na wengi huishia hapo. Lakini yupo mshtakiwa mwingine, naye huketi safu ya mbele kanisani. Ni mzee anayecheka. Kijana aliyezaliwa Auckland hujaribu kusalimia kwa Kitonga chake cha kuokoteza; hukosea kituo cha koo, hurefusha irabu isiyorefushwa, au, jambo baya zaidi, hutumia neno la watu wa kawaida mbele ya chifu. Wakubwa hucheka, au huguna, au humwita fie pālangi, yaani mwenye kujitia Uzungu. Kijana hajaribu tena. Hujibu kwa Kiingereza mpaka mwisho wa maisha yake, kwa kuwa katika Kiingereza hakuna anayemcheka. Lugha iliyookoka mikononi mwa wamisionari, Waingereza na bahari huuawa kwa kicheko kimoja cha mjomba.

Waswahili husema mwacha asili ni mtumwa. Ni methali ya kweli, lakini hutumiwa vibaya inapogeuzwa fimbo ya kumpigia mtoto. Kuacha ni tendo la mwenye kitu. Mtoto huyu hakuwahi kukishika. Hakuacha, alinyimwa, na walionyima ndio wanaomsuta. Mtu humfungia mwanawe mlango wa kisima kwa miaka 15, kisha humlaumu kwa kiu.

Tiba iliyopendekezwa rasmi ni sherehe. Tangu 2012 New Zealand huwa na Wiki ya Lugha ya Kitonga kila mwaka. Katika wiki hiyo mawaziri huvaa ta'ovala, mikeka ya kiunoni ya Kitonga, ofisi hutundika mabango, na kila mtu hujifunza kusema mālō e lelei. Si jambo la kubezwa. Zamani hata hilo halikuwapo. Kumeandikwa pia mkakati wa lugha za Pasifiki wa 2022 hadi 2032, na Kitonga ni somo la mtihani katika shule za sekondari. Lakini salamu si lugha, kama ambavyo kizingiti si nyumba. Wiki moja ni saba tu katika siku 365, na siku nyingine zote mtoto hufundishwa hesabu, sayansi na historia kwa lugha isiyo ya bibi yake. Madarasa ya lugha mbili yapo, lakini ni machache, na mengi hukoma mtoto akiwa bado mdogo, yaani pale pale ambapo utafiti ulionya yasikome. Lugha inayotolewa sandukuni mara moja kwa mwaka, ikapigwa picha na kurudishwa, imeshakuwa vazi.

Makanisa nayo yamo katika njia panda hiyo. Kwa nusu karne yalikuwa ngome ya mwisho ya Kitonga ughaibuni. Sasa vijana huondoka kwa kutoelewa mahubiri, na baadhi ya makanisa huanzisha ibada za Kiingereza ili wabaki. Nia inaeleweka: mchungaji anataka roho. Lakini kumtafsiria kijana kila kitu pasipo kumfundisha chochote ni kumpa samaki na kuuza mshipi.

Ipo hoja ya upande wa pili inayostahili kujibiwa kwa heshima. Husemwa kwamba Utonga ni mpana kuliko Kitonga. Kwamba Epeli Hau'ofa, aliyezaliwa Papua Guinea Mpya kwa wazazi Watonga, aliandika hadithi na insha zake kwa Kiingereza, na hakuna aliyeifungulia bahari ile mlango kama yeye alipoiita, 1993, bahari ya visiwa. Ni kweli. Kijana asiyejua Kitonga ni Mtonga kamili, na asidhulumiwe jina lake. Lakini Hau'ofa aliandika Kiingereza kilichojaa mizaha ya Kitonga, kwa sababu mizaha hiyo ilikuwemo ndani yake. Kiingereza chake kilikuwa jahazi lenye shehena. Swali ni wajukuu watasafirisha nini, ikiwa bandari ya kupakilia imefungwa.

Visiwani kwa Waswahili hakuna wa kuwacheka Watonga. Familia za Unguja na Pemba zilizotawanyika baada ya 1964, kwenda Maskati, Dubai, London na Toronto, zina wajukuu wanaomjibu bibi kwa Kiarabu au kwa Kiingereza. Na hata asiyesafiri anaujua uongo ule: katika miji ya Afrika Mashariki wazazi hulipa ada kubwa ili watoto wao waadhibiwe kwa kusema Kiswahili uwanjani. Kiswahili kina wasemaji wengi mno kufa kwa ajili hiyo. Kitonga hakina akiba hiyo. Kila nyumba inayonyamaza huonekana kwenye hesabu.

Yanayotakiwa si mageni wala hayana gharama ya kutisha. Wazazi na wazungumze Kitonga chao chote, cha hasira na cha mahaba, tangu siku ya kwanza, wakijua kwamba Kiingereza kitakuja chenyewe bila kuitwa. Shule na zifundishe masomo kwa Kitonga kwa miaka sita au zaidi pale watoto walipo wengi, na zikome kutoa ushauri ambao utafiti ulikwisha kuuzika. Makanisa na yafundishe kusoma, si kuimba tu. Waandishi na wawatungie vijana vitabu vya mapenzi, vya vichekesho na vya mpira, kwa kuwa Biblia na kitabu cha nyimbo za dini havitoshi kumlea msomaji wa miaka 14. Na wazee, waliobaki na ufunguo wa ngazi zote tatu za usemi, na watoe sadaka moja iliyo ngumu kuliko michango yote ya kanisani: kijana akikosea, wasicheke.

Kwa maana siku inakuja, na katika nyumba nyingi imekwisha kufika, ambapo bibi hulazwa hospitalini, Kiingereza chake kidogo kimeondoka na homa, na amebaki na Kitonga cha utotoni. Mjukuu wake huketi kando ya kitanda, amesoma, ana kazi nzuri, anampenda. Bibi husema jambo. Linaweza kuwa wasia, linaweza kuwa maji. Mjukuu huinuka na kutoka ukumbini, kumtafuta mtu wa kumfasiria maneno ya bibi yake mwenyewe.